Lita

Bwana Mwaselela, bwana mifugo, alipanda kutoka Kiwira kwa pikipiki,
matope mpaka magotini,
akafungua daftari lenye jalada la nailoni,
akaandika kwa Kiingereza, herufi zimeinama
kama mvua inayosukumwa na upepo,
kisha akamsomea mama:
"Lita ya kwanza: kumi na moja."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge.
"Huyu nguruwe, mwanangu, mbona sijamkamua?"

Nilikuwa kidato cha pili. Hakuna nilichokuwa sijui.
Mama, nikasema, si lita ya maziwa
wala ya mafuta ya taa anayopima Anyisile dukani,
kidole gumba ndani ya kopo.
Lita ni wale pale, waliopangana kwenye matiti
macho yamefumba, wanasukumana.
Wazungu wana neno la tumbo moja, usiku mmoja.

(Angesema "kumi na mmoja" tungeelewa.
M moja tu, herufi ya kufunga midomo,
na sote tungejua kuna pumzi.)

"Na sisi tunasemaje?"
Kundi, nikasema.
"Kundi ni la njiani. Hawa hata mlango hawajauona."

Kamusi ya shule ilianzia katikati ya B,
kurasa za mbele zilishavutwa na tumbaku.
Niliinama juu yake kwenye mwanga wa kibatari
nikamsomea maana, moja baada ya nyingine:
watoto wa mnyama waliozaliwa pamoja;
takataka zilizotupwa ovyo;
majani ya kumlazia mnyama;
machela.

Nikasema wachapaji wamechanganya karatasi.
Neno gani hili, linabeba nguruwe na uchafu
na mgonjwa, safari moja?

Mama alikuwa anamenya magimbi.
"Majani nilimtandikia mimi, makavu, ya mgomba.
Hapo wana haki.
Kesho asubuhi nenda kayaangalie yamekuwa nini.
Hapo pia wana haki."
Kisu kikasimama.
"Hiyo ya mwisho irudie."

Machela.

Nje mvua ilikuwa inapiga migomba,
ile mvua yetu isiyojua kumaliza sentensi.

"Wewe hukutoka hapa kwa miguu yangu," akasema.
"Ilikuwa Aprili. Daraja limechukuliwa na maji.
Baba yako na Ambokile na wale ndugu wa kwa Mwakalobo
walikata mianzi miwili, wakafunga blanketi la kijivu.
Kila walipobadilishana mabega niliona mawingu,
halafu migomba, halafu mawingu.
Nilikuwa nahesabu hatua zao ili nisihesabu uchungu.
Mlikuwa wawili."

Hakusema mbili.

Nikatafuta pa kutazama, nikatazama kamusi.
Pale chini, kwa maandishi madogo, ilionya:
halitumiki kwa watu.
Nikamsomea na hilo pia, sijui kwa nini.

"Kamusi haikubebwa," akasema mama,
akaendelea na magimbi.

Asubuhi wa kumi na mmoja alikuwa amelaliwa.
Mama alimtoa kwenye majani, akamfuta pua,
akamfukia nyuma ya zizi, penye mche wa parachichi.
Bwana Mwaselela aliporudi kuchoma sindano
alikata ile namba kwa kalamu, akaandika kumi juu yake.
Mama akamwambia: "Usikate. Andika pembeni."
Akaandika pembeni.

Siku hizi nafanya kazi Mbeya mjini.
Kwenye uzio wa ofisi kuna kibao cha Kiingereza, rangi nyekundu,
kinachokataza lita.
Watu wanapita, wanatupa maganda ya miwa chini yake.
Mimi hupunguza mwendo hapo.
Juzi mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu.
Nikamwambia hapana, nasoma tu.