Hili ni Badiliko Dogo

Umeme umerudi saa nne na dakika kumi.
Nimenunua LUKU ya elfu mbili na bando la usiku,
nimefuta vumbi la Nkuhungu kwenye kioo kwa ncha ya kanga,
na makala yangu ipo palepale nilipoiacha:
*Korvida ni duka la mtandaoni linalouza michezo ya video.*

Sentensi hiyo nimeilea miaka sita.

Mchana nina duka langu la matofali:
fotokopi, vocha, bahasha za kaki,
kibao cha LEO TASLIMU KESHO MKOPO,
na Mwalimu Chibago ana deni la rimu mbili tangu Pasaka.
Usiku nalinda duka lisilo na mlango,
lisilo na kaunta, wala kufuli, wala panya,
ambalo sijawahi kununua kitu.
Kadi yangu waliikataa mara mbili.
Na kompyuta hii ukiifungulia mchezo
hupumua kama punda wa Bahi mwenye madumu manne.

Lakini nalijua. Idadi ya michezo yake
naibadilisha kila mwisho wa mwezi
kama ninavyohesabu rimu kwenye shelfu.
Wiki tatu nzima nimebishana na Hija wa Kondoa:
yeye anataka "gemu", mimi "mchezo wa video".
Tukapatana. Lake likae kwenye mabano.

Kuna mwingine, hana jina, kila Ijumaa huandika
KORVIDA NI WEZI WAMEKULA HELA YANGU.
Nafuta. Naandika sababu: hakuna chanzo.
Anarudisha.
Nafuta.
Mara ya tisa nikamwonea huruma,
nikamuuliza kwenye ukurasa wa majadiliano:
Kiasi gani?

Sechelela, mwanangu, huniuliza nani anasoma.
Watu kumi na mmoja kwa mwezi, takwimu zinasema.
Wawili ni mimi: wa dukani na wa nyumbani.
"Na hao tisa," namwambia, "wakikuta kosa?"

Jana tangazo limetoka. Wanafunga.
Alichonunua mtu, asipokipakua kabla ya tarehe thelathini,
ndiyo basi.
Nimetafuta vyanzo viwili, nimehakiki tarehe.

Duka la baba pale Kizota lilipokufa
tulibeba shelfu kwa mkokoteni, tukagawana sabuni,
na harufu ya mafuta ya taa ikakaa ukutani
hadi mpangaji wa pili alipopiga rangi.
Hili halina ukuta.

Naweka kishale nyuma ya "ni".
Herufi mbili, nazifuta.
*Lilikuwa.*
Halafu "linalouza" nayo inadai haki yake:
*lililouza.*

Chini kuna kisanduku, kinauliza kama siku zote
kama hili ni badiliko dogo.
Upepo unakwaruza mabati ya jirani.
Nakiacha kitupu. Nahifadhi.

Kabla ya kuzima nachungulia kule kwenye majadiliano.
*Kiasi gani?*
Bado hajajibu.