Mguno

Wamekuosha, Hosea.

Kijana wa dukani kaniletea santuri mpya leo,
jalada bado lanukia gundi,
akasema: Mama Whitlow, sasa imetakata,
wameondoa kila mkwaruzo kwa mashine.
Nikaketi jikoni, koti sijalivua,
theluji ya Detroit imefika usawa wa dirisha,
nikasubiri upande wa pili, wimbo wa kwanza,
pale Ellsworth anaposhusha saksafoni kifuani
akakuachia uwanja wewe na besi yako.

Hukuwamo.

Besi ilikuwamo. Kila uzi nimeusikia,
mnene, mkavu, umekaa mahali pake.
Lakini wewe hukuwamo.

Ilikuwa Ijumaa, Novemba ya hamsini na nane,
chini ya duka la fundi cherehani,
mablanketi yamepigiliwa ukutani kuzima mwangwi.
Ulitoka zamu ya kiwandani, grisi imo kuchani.
Vernell hakuvua kofia; baridi ya piano, alisema, huanzia kichwani.
Cleophus alikuwa na ngoma ya kuazima
na deni kwa huyo huyo aliyemwazima.
Na Ellsworth, shavu limevimba,
jino la nyuma lamla tangu Jumanne,
kila noti ndefu anaifumbia jicho.
Baadaye wajuzi waliandika kurasa nne
juu ya ukimya wake katika ule wimbo wa polepole:
hekima, walisema, ya mtu aliyejifunza kunyamaza.

Lilikuwa jino.

Mimi nilikuwa ngazini, Odessa amelala mapajani,
taa nyekundu ikiwaka nabana pumzi,
ikizimika nahema kwa ajili ya wawili.

Nawe ukaguna.
Uliguna daima, nusu hatua kabla ya noti,
kama mtu anayepapasa ndara uvunguni gizani
naye anajua zipo.
Mwenye mitambo akasimamisha: Kuna mtu anaguna.
Ukainamisha kichwa. Nilitaka kushuka nikufunike na koti.
Ellsworth akatema damu kwenye leso, akasema:
Mwacheni. Sifuati nyuzi zake mimi.
Nafuata huko anakoguna.

Dola arobaini na moja kila mtu.
Tulilipa makaa, tukanunua viatu vya mtoto,
na shilingi ngapi sijui zikapotelea kwa Cleophus.

Jioni kijana akapita tena, theluji mabegani:
Umeionaje, mama?
Nikamwambia: Safi.
Akashukuru. Hakujua kuwa nimetukana.

Alipokwenda nikaishusha ile ya zamani kabatini,
ile aliyoikanyaga Odessa mwaka wa surua,
nikaweka sarafu juu ya mkono wa sindano isirukeruke.
Vumbi likachacharika. Sindano ikaruka hata hivyo,
ikala nusu ya piano,
ikaangukia pale pale:

mmh

na noti, Hosea, ikaja nyuma yako mbio mbio,
kama aliyechelewa zamu.

Maharage yameungua. Sijainuka.