Mizani ya Dhahabu

Mizani hii ilikuwa ya shemeji yangu Bisimwa.
Alipimia vumbi la dhahabu pale Nyawera,
dirisha limefungwa, upepo usije ukala faida.
Biashara ilipomfia, akatuletea imeviringwa kitambaani:
"Pimieni chakula cha mtoto.
Yenyewe haijui kudanganya. Waongo tulikuwa sisi."

Basi alfajiri, kabla wauza makala hawajapanda Kadutu,
naweka kiazi kitamu, naondoa,
nakata kipande kama ukucha, naweka tena.
Gramu sitini na mbili. Si sitini na tatu.
Lenga-lenga, vijiko viwili.
Bugali wa muhogo haugombani nasi sana.
Maharage, hapana. Yai, nyama, karanga, hapana.
Sambaza, ee sambaza,
jioni mtaa mzima unazikaanga
na Nsimire wangu anapita katikati ya harufu
kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

Halafu unga wake, ule wa kopo.
Unatoka Ulaya, unashuka Kigali,
unavuka Ruzizi ndani ya begi la mtu tusiyemjua vizuri.
Unanuka viazi vilivyosahauliwa guniani.
Anaziba pua, anakunywa, anagonga kikombe mezani
kama mzee aliyemaliza kasiksi yake.
Mpaka ukifungwa, nahesabu vijiko usiku.
Navihesabu tena, labda nilikosea.

Murhula, kaka yake, hakupimiwa.
Ana miaka kumi na mitatu. Anagonga kichwa ukutani,
ana neno moja tu, nalo si jina langu.
Nywele zake zilipogeuka rangi ya mchanga
kituo cha afya kilisema: bwaki.
Nikaona haya. Nikauza vitenge viwili.
Nikamsagia sambaza kwenye uji, nikamkorogea soya,
nikamlisha maharage, mayai ya kuku wa mama mkwe,
nikisema kula, baba, upone.
Mkono huu.
Kila kijiko.

Majirani walisema karuho. Wakwe walisema ukoo wa mama.
Akaja daktari kijana, mgeni kazini,
akamwinamia, akamnusa utosi mara mbili
kama anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji,
akaniuliza kama nepi zake zilinuka panya.
Aibu yangu ya usiku, mtu kaitaja mchana kweupe.
Matone manne ya damu kwenye karatasi
yakapanda ndege. Mimi sijawahi kupanda.

Jibu lilikuja: tulichangia.
Nusu kwa baba, nusu kwa mama,
wazima wote wawili, tukicheza harusi yetu Walungu
na kitu hicho kimya damuni
kama wageni wawili walioahidiana kukutana kwetu.
Mume wangu alitoka nje akapasua kuni
mpaka giza. Sisi tunapikia makala.

Nsimire alichomwa kisigino siku ya tatu.
Hata maziwa yangu niliyakamua kikombeni, nikayapima.
Murhula naye sasa anakula kwa mizani.
Tumechelewa, amesema daktari.
Lakini usiku analala, na ukuta unalala.

Nsimire anasoma. Anajua kugawanya, anajua kubisha.
Jana alikuja kiganja kimefumbwa.
"Mama, pima hii."
Harage moja, jekundu, la motomoto,
kalitoa kwenye chungu cha baba yake.
Nikaliweka pale palipolala dhahabu ya watu.
Mshale ukatikisika kidogo.
"Haifiki nusu gramu," nikasema.
Akaliangalia muda mrefu.
"Kumbe ni dogo hivi."
Akalirudisha chunguni. Akageuka,
akadhani simwoni, akalamba kidole.

Nikafungua daftari, safu ya jioni,
nikaandika: kidole, kimoja.