Kile Chekundu

Naanza saa moja asubuhi, kabla ya chai.
Nati imeshikwa na kutu, spana inateleza,
kidole kinagonga chuma chenye baridi yote ya Uyole,
na neno linatoka lenyewe,
halimpigii mtu hodi.
Vijana wa gereji wanacheka: Mama Lusajo kaamka.

Mimi sijawahi kuhesabu.
Mume wangu alihesabu, Jumamosi moja
tukichimba viazi Isyonje, udongo umelowa:
mara thelathini na moja hadi adhuhuri,
na jembe lilitukanwa kuliko mtu.
Nikamwambia, jembe halina mama.
Akasema, wewe unaye.

Ninaye. Na mama naye alikuwa na mama yake,
Bibi Ngwitika wa Masoko, kule kwenye migomba,
aliyeolewa katika nyumba ambamo jina la baba mkwe
halikutamkwa na mke wa mwana,
wala neno lililofanana nalo, wala nusu yake.
Na jina la mzee yule lilifanana na moto.
Basi miaka arobaini na miwili
bibi alipikia kile chekundu.
Nileteeni kile chekundu. Kile chekundu kimezimika.
Nyumba ya jirani iliposhika, alitoka mbio
akipiga yowe, chekundu! chekundu!
na watu, kwa kuwa walimjua,
wakaja na ndoo.

Mdomo wangu hauna wigo.
Nilifika karakana ya Mwakibete na miaka kumi na tisa,
msichana peke yangu chini ya malori,
nikaona asiyetukana hukabidhiwa ufagio.
Nikatukana. Nikakabidhiwa jeki.

Lakini nina sheria zangu, msinione hivi.
Situkani kwa Kinyakyusa.
Tusi la Kiswahili ni koti la mtumba,
limeshavaliwa na wengi, halina jasho la mtu mmoja;
lile la nyumbani hutoka na ngozi.
Situkani msibani,
wala mbele ya mteja anayelipa taslimu.
Na situkani nikiwa na hasira kweli.
Nikikasirika kweli nanyamaza,
na gereji nzima huweka spana chini.

Juzi Tumpe, miaka minne,
alikuwa anavaa viatu, kimoja kikamkatalia,
akakiambia.
Neno langu, zima, na mkato wangu,
hata ile pumzi ninayovuta kabla yake,
mbele ya mama mkwe aliyekuja na mkungu wa ndizi
na kidumu cha maziwa mgando.
Mama mkwe hakusema kitu. Alipuliza chai.
Kisha akauliza, viazi siku hizi gunia shilingi ngapi?

Usiku nikakaa na mtoto jikoni,
ukungu umeegemea dirisha,
nikamwambia lile ni neno la kazini,
kama ovaroli, halipandi nalo mtu kitandani.
Akauliza, na mimi kazini kwangu ni wapi?
Nikakosa jibu, nikamsimulia habari za bibi.
Akalitazama jiko la mkaa muda mrefu.
Akasema, sasa kama hasemi, alikuwa anaogopa
moto, au anamwogopa babu?
Nikamwambia alale.

Leo asubuhi nati ileile.
Nimevuta pumzi, vijana wakangoja.
Nikasema, kile chekundu!
Kimya. Redio ya duka la pembeni ikasikika yote.
Ambakisye akatoa kichwa chini ya fuso:
Dada, umeungua?

Nati haikutikisika.
Nikainama karibu, nikaiambia lile la siku zote,
polepole, sikioni,
kama mtu anayemwomba mwenzake radhi.
Ikalegea.