Usiufute Mstari wa 217

Wewe utakayerithi faili hili,
usiufute mstari wa mia mbili kumi na saba.
Najua: unaonekana kama kiraka cha jinzi kwenye suti.
Niliushona mimi, hapa Kutaisi, mwezi wa Februari,
umeme umekatika, glavu nimezikata ncha.

Duka la dawa lilitaka ukurasa mmoja tu:
jina, dawa, anwani,
na kitufe cha kijani, Agiza.
Kwenye kompyuta yangu kilikaa.
Kwenye simu yangu kilikaa.
Nikapeleka, nikalala.

Asubuhi akapiga Tsiuri, ghorofa ya saba nyuma ya stesheni:
“Mwanangu, nimeandika yote. Pa kubonyeza hapapo.”
Shusha ukurasa, mama.
“Nimeshusha mpaka kidole kimechoka.”

Lifti ya pale hula sarafu, nami sikuwa nayo.
Nikapanda ngazi.
Simu yake aliachiwa na mjukuu aliyehamia Łódź,
kioo kina ufa toka kwenye saa hadi kwenye betri.
Na kitufe changu kilikuwemo!
Kimejibanza chini ya upau wa kivinjari,
ukingo wa kijani ukichungulia
kama viatu vya mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Kumbe nilipoandika “chukua kimo chote”
kivinjari kilipima chumba
kana kwamba kabati halimo.

Basi shika na haya, nisije nikasahau:
herufi za kisanduku zisipungue pikseli kumi na sita,
zikipungua, simu nyingine huuvuta ukurasa
ukamjia mtu puani.
Usifiche neno ukingoje kishale kielee juu yake;
kidole hakielei,
kidole hugusa, au kimo mfukoni.
Kibodi ikipanda hula nusu ya dunia,
ulichokigandisha chini kitakwenda nayo.
Kitufe kiwe kipana. Gumba la Tsiuri lina ganzi.

Nilijaribu dawa sita, mezani kwake,
kati ya bakuli la jozi na kipima presha.
Ya sita ikakubali.
Nikaandika kando yake: Sijui kwa nini. Usiguse.
Mwalimu Badri angenikata alama.

Akabonyeza.
Akanitazama mimi, si simu.
“Ndiyo hivyo tu?”
Ndiyo hivyo tu, mama.
Akanitilia sarafu kiganjani:
“Ya kupandia. Kikijificha tena.”

Siku hizi, nasikia, kuna kipimo kipya,
kimo kinachojua upau unapopanda na unaposhuka.
Kizuri. Kitumie.
Lakini kiandike chini ya mstari wangu,
si badala yake:
kivinjari kipya kitasoma vyote viwili na kushika cha mwisho,
cha zamani kitaruka kisichokijua.
Simu ya Tsiuri haijapata habari hizo.

Sarafu iko droo ya kushoto.