Hapa Hatutemi

Kule Dodoma nalipwa kwa ajili ya ulimi.
Ghala la Veyula, mapipa kumi na tisa:
naonja, nazungusha, natema kwenye ndoo ya bati,
naandika: ngumu kidogo, isubiri Machi.
Miaka kumi na minne natema kazini,
sijarudi nyumbani nimelewa hata siku moja.

Leo pasi yangu ina muhuri mbichi wa Lunga Lunga
na shemeji yangu Mbeyu ananivuta mkono
nyuma ya gereji, Kisauni,
pale ukuta wa mabati una mlango usio mlango,
gunia tu, limeandikwa SUKARI.
"Wewe si mtu wa pombe? Njoo uone wenzio."

Mangwe.
Mabenchi ya mbao za makreti ya soda,
mafundi wawili wenye grisi hadi viwikoni,
mwalimu na madaftari ya watoto asiyoyafungua,
na Bi Nyevu, mlinzi wa mtungi,
anayenipa mboko na mrija
bila kuniuliza kiasi.

Nikanusa kwanza. Wakanitazama.
Nikazungusha. Fundi mmoja akacheka hadi akakohoa.
Chachu. Maziwa. Ganda la mkate wa jana.
Na chini kabisa moshi, mwembamba,
wa jiko lililozimwa kwa haraka.
Nikainama kutafuta ndoo.

"Hapa hatutemi," akasema Bi Nyevu.
Hakupandisha sauti.
"Kuna mtu amekwea futi arobaini kwa funda hilo."

Nikameza.
Ukashuka ukinikwaruza, mtamu, halafu si mtamu,
kama salamu za wifi.

Nikauliza swali la kazini: ni wa mwaka gani?
Kimya.
Kisha benchi zima likaangua kicheko.
"Mwaka! Dada, huu ni wa saa kumi na moja alfajiri.
Ule wa pembeni ni wa jana jioni,
ukijiweza mkaribie.
Wa juzi tunatilia kachumbari."

Ngonyo mwenyewe akaingia, kisu kiunoni,
nyayo ngumu kama vifuu.
Nikatoa chupa yangu, nimeifunga khanga
(wao wanaiita leso),
nikammiminia kwenye kikombe cha plastiki.
Hakunusa. Aliishika mdomoni
kwa muda wa mtu anayehesabu minazi yake kichwani.

"Imelala sana hii," akasema.
Kisha, akiwa tayari amegeuka:
"Mti wake ulikuwa na kiu."

Sikuwa nimemwambia. Lebo haisemi.
Mwaka ule mvua ilitukataa,
zabibu zikatoka ndogo kama pilipili manga,
baba akauza ng'ombe ili asiuze shamba,
akawa anakwenda kuliangalia zizi
jioni, kwa mazoea, na fimbo mkononi.
Mimi niliandika kwenye daftari la ghala:
ladha nzito.
Maneno mawili, na sahihi yangu.

Nikataka kumsifu Ngonyo, nikajizuia.
Nani asiyejua mgema akisifiwa hufanya nini?
Akaiona sifa imenikwama kooni.
"Sifu tu, mama! Maji nitayatoa wapi?
Ya kisima hapa chumvi tupu,
na ya mfereji tunayasikia kwa majirani."

Basi nikasifu. Nilisifu kwa sauti,
kwa Kiswahili cha kwetu na kwa Kigogo kidogo,
mwalimu akapiga meza, Mbeyu akaona haya,
mboko wa pili ukaja, na wa tatu.

Nikaomba chupa moja ya kubeba.
"Hautafika," akasema Bi Nyevu.
"Utapasuka Ukunda, au mpakani uwe siki.
Huu una mguu mmoja tu, na ni wa leo."

Akanipa mrija. Nimeuweka kwenye pasi,
katikati ya kurasa zisizo na mihuri.

Jumatatu nitasimama tena mbele ya pipa la saba,
daftari mkononi, wenzangu wakingoja neno langu.
Ile ndoo ya bati
sijui nitaitazamaje.