Tikisa Hata Kidole

Boksi limekuja na basi kutoka Dar,
limezungushiwa solotepu hadi likakosa pumzi.
Haikaeli kalifungua juu ya kitanda changu saa mbili asubuhi,
saa ambayo natoka lindo na kitanda nakidai.
Nikajilaza pembeni kama mpangaji.

Vyumba vidogo vidogo vya plastiki,
kama trei ya muuza pete pale Mbuyuni.
Nyaya za kila rangi, kila mmoja na jino lake.
Taa ndogo kuliko punje ya mahindi:
"Mguu mrefu ni chanya, baba, mfupi ni hasi.
Ukikosea haiwaki, ila hainuni."
Rezista zimevaa shanga, nyekundu, nyekundu, kahawia,
anazisoma kwa sauti kama anayehesabu deni.
Karatasi ya maelezo inasema taa kumi.
Tumehesabu mara tatu.
Ziko tisa.

Jumamosi zikabaki nane.
Alisahau rezista; taa ikawaka kwa furaha kubwa mno,
kisha harufu.

Halafu kuna nusu yai, jeupe,
limeatamia kibati cha kijani.
"Hili linatambua mtu," akasema. "Kwa joto lake, akipita."
Nikacheka, kile kicheko cha puani.
Miaka kumi na miwili getini, ghala la kahawa, njia ya reli,
filimbi, rungu, koti lililokwisha kola,
na mimi ninafanya nini kama si hicho?
Nani atanilipa, iwapo yai linalinda kwa nyaya tatu
wala haliombi chai?
Sikusema hivyo.
Nilisema, "Usimalize umeme."

Kompyuta ni ya Mwalimu Temba, kaiazima hadi Ijumaa.
Kitufe cha nuktamkato kimeng'oka,
anakibonyeza kwa njiti ya kiberiti.
Siku mbili mashine imegoma,
siku mbili hatukuambiwa kosa ila mstari wa kosa,
na kosa lilikuwa hiyo hiyo nuktamkato.
Usiku wa pili nilimkuta anailaumu njiti.

Kisha akanisomea alichoandika, akikigeuza Kiswahili:
kama kuna mtu, washa,
kama hakuna mtu, zima,
rudia, bila kukoma.
Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni barua yangu ya ajira.

"Subiri dakika moja. Lazima kwanza lizoee chumba."
Tukasubiri. Jirani alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.
"Haya, pita."

Nikapita mbele ya meza yake
na kandambili zangu na macho yangu ya usiku,
na taa ikawaka.
Nyekundu. Kwa ajili yangu.
Nikarudi, ikawaka. Nikapita kama meneja,
nikapita kama mwizi (nawajua wanavyopita),
ikawaka vile vile, haikuuliza kitambulisho.

Nikasimama nilitazame vizuri hili yai.
Ikazima.

"Haika, limekufa?"
"Hapana. Ukitulia halikuoni.
Linaona mwendo tu.
Mtu aliyesimama, kwake ni ukuta."

Nikakaa kimya kidogo.
Hilo nililijua kabla ya boksi,
kabla hata yeye hajazaliwa nilianza kulisomea.
Magari huingia, magari hutoka, vioo juu,
na geti hujifungua lenyewe,
ndivyo wanavyodhani waliomo ndani.

"Baba, usihuzunike na yai. Tikisa hata kidole."
Nikatikisa.
Ikawaka.

Leo baridi ya Juni imeshuka mpaka Pasua,
pumzi yangu naiona ikiniacha.
Saa nne usiku gari la meneja limetoka,
taa zake zikanipiga usoni, zikaendelea na safari.
Nilikuwa nimesimama, kama siku zote.
Nikatoa mkono mfukoni,
nikatikisa kidole.

Kule mbele, nyekundu, mbili,
taa za breki zikawaka.

Huenda ni kona tu.